Jinsi ya Kusoma na Vijana wa Maua Hadithi za Maradhi ya Kudumu

Anza na mahali. Mji wa Maua, nchini Kenya, una Hospitali ya Methodist, lakini usiwakutanishie vijana kliniki. Mji ni mdogo, na anayeonekana akiingia mlango fulani siku fulani keshajulikana. Tafuta darasa au ukumbi wa kanisa, alika vijana wote, wagonjwa na wazima, na mkutane alasiri, wanaochuma miraa wakiwa wameshatoka shambani.

Pili, chagua kitabu, ukisome chote kabla yao. The River and the Source cha Margaret Ogola (1994) ni rahisi kupata, kwa kuwa kiliwahi kuwa kitabu teule cha shule za upili. Kwa Kiswahili, ipo tamthilia ya Kilio Chetu kutoka Tanzania. Ogola alikuwa daktari wa watoto, na jijini Nairobi aliongoza makao ya Cottolengo ya mayatima wenye virusi vya Ukimwi, kwa hiyo aliyajua anayoyaandika. Hata hivyo, mhusika wake Becky anakufa kwa Ukimwi, na hapo ndipo penye kazi. Waambie wasomaji mwaka wa kitabu. Dawa mseto za virusi vya Ukimwi zilianza kutumika mwaka 1996, na hospitali za umma za Kenya zikaanza kuzitoa bure mwaka 2006. Becky hakuwa na kidonge anachomeza msomaji wako kila jioni. Usiposema hivyo, kijana atakichukua kifo cha Becky kuwa utabiri wake.

Tatu, wekeni sharti moja: anayejadiliwa ni mhusika tu. Swali la "na wewe je?" lipigwe marufuku kabisa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kutangaza hali ya virusi ya mtu mwingine bila idhini yake, na duara lenu halina ruhusa ya kuivunja.

Kisha ulizeni maswali yenye mashiko. Msichana wa bweni angeificha wapi chupa ya vidonge inayolia kila sanduku linapofunguliwa? Nani angeisikia kwanza, na angemwambia nani? Maswali haya huwafungua hata walionyamaza.

Mhukumuni mwandishi pia. Je, anamwadhibu Becky kwa mwenendo wake? Naona anamwadhibu. Basi kijana aliyezaliwa na virusi ataiona wapi nafasi yake katika hadithi hiyo? Waache wabishane, usiwakatize.

Mwisho, kila mmoja aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kimeru, ambamo mhusika anaumwa kisukari, kifafa au selimundu, ila kisa chenyewe kinahusu mtihani, mpira au uchumba.

Na kabla ya mkutano wa kwanza, uwe na namba ya mshauri nasaha. Kijana akikudokezea kwamba ameacha dawa, mfikishe kwa mshauri huyo siku hiyo hiyo, usingoje mkutano ujao.