EKZOSI INAPOLIA: SIKILIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa, lakini haukuwa ufa wenyewe, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Makala yangu yanahusu sauti zisizo za kawaida katika ekzosi, yaani lile bomba la kutolea moshi chini ya gari. Jumamosi na wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu katika gereji yake ya jua kali hapa Daraja Mbili. Kwa hivyo ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine yameniunguza vidole.

Kwanza tujue sauti hutoka wapi. Petroli ikichomeka ndani ya silinda huwa ni mlipuko. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika, kama gari likisimama tu likinguruma, hutoa milipuko 25 kila sekunde. Ikifika mizunguko 3,000, milipuko ni 100. (Piga hesabu mwenyewe: katika kila mzunguko hulipuka silinda mbili.) Moshi hutoka kwenye vali, huingia manifoldi, kile chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, kisha hushuka bomba la mbele, hupita kwenye sailensa na kutokea nyuma. Ndani ya sailensa mna vyumba na vibomba vyenye matundu, na humo mawimbi ya sauti hugongana yakamalizana nguvu. Kumbe yale mawimbi tunayofundishwa katika fizikia yako hata chini ya matatu!

Basi gari likinguruma kama trakta, na kelele izidi ukikanyaga mafuta, aghalabu sailensa au bomba limetoboka. Likipiga kelele za mabati, kwa mfano kopo lenye mawe, tazama ile kinga ya joto, bati jembamba lililofunika bomba. Kutu huila bolti zake ikabaki kucheza. Ukigonga sailensa kwa ngumi ikiwa baridi na usikie vitu vikicheza ndani, vyumba vyake vimevunjika na hapo ni kununua nyingine tu. Gari likigonga "kung!" kwenye matuta, raba za kuning'iniza bomba zimekatika. Hizo ni za bei ndogo, ingawa mafundi wengine hufunga waya tu wakasema kazi imekwisha. Mlio wa "puf... puf..." usio na mpangilio huko nyuma mara nyingi si kosa la ekzosi hata kidogo: kuna silinda isiyochoma vizuri, basi anza na plagi.

Sauti ninayoiogopa ni ndogo kuliko hizo zote. Ni "tik tik tik" au "tss tss" upande wa injini, gari likiwa baridi. Hiyo ni gasketi ya manifoldi au ya bomba la mbele iliyoungua, au manifoldi yenyewe imepasuka. Chuma kikipata moto hutanuka, pengo likapungua na sauti ikafifia. Dereva akikuletea gari saa sita mchana hutaisikia.

Nami sikuisikia. Ilikuwa siku ya soko, na nyinyi mnaijua Daraja Mbili siku ya soko: ndizi zinashushwa, makondakta wanaita Nyamira na Keroka, redio tatu zinaimba nyimbo tatu. Dereva mmoja alileta Probox ya abiria ikinguruma vibaya. Mjomba alikuwa ameenda kutafuta spea. Nikaingia chini, nikaona tundu kwenye sailensa, nikakata kipande cha bati, fundi wa kuchomelea akakiunga. Kelele ikaisha pu! Dereva akanisifu, "Kijana, wewe ni makanika kabisa." Nilivimba kichwa, nusura kofia ipasuke.

Siku mbili baadaye alirudi, na hakuja kusifu. Jioni ile mvua yetu ya Kisii ilikuwa imenyesha, wakafunga vioo vyote. Kabla ya kufika Nyamira nyanya mmoja aliyekaa mbele alilalamika kuwa kichwa kinamuuma na macho yanaona giza, na mtoto aliyempakata akatapika. Wakadhani ni kona za barabara. Walipofungua milango na kupata hewa ndipo wakapata nafuu.

Mjomba hakunipiga wala kunitukana. Alisema tu, "Gari ilale hapa. Wewe uje kesho saa kumi na mbili, kabla ya shule."

Asubuhi soko lilikuwa kimya. Alinipa kipande cha mpira wa maji, mwisho mmoja nikauweka sikioni na ule mwingine nikaupitisha polepole kando ya bomba, mbali na feni na mikanda. Akawasha injini. Tik tik tik! Ilikuwa wazi kama saa ya ukutani, pale bomba la mbele linapoungana na manifoldi. Bolti moja haikuwepo, na kando yake palikuwa na alama nyeusi ya masizi. Kisha akanionyesha tundu kwenye ukuta wa injini ambapo waya hupita. Raba yake ilikuwa imetoka. Moshi ulikuwa ukipita hapo na kuingia miguuni pa abiria. Kelele ya sailensa ilikuwa imeifunika ile ndogo, nami nilipoziba kubwa sikusikiliza tena.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Kwa hivyo mtu anapumua, lakini damu haibebi hewa anayoihitaji. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Usingizi huo mwingine hauamkiwi. Ukizisikia ndani ya gari, fungueni vioo, simamisheni, shukeni wote.

Tulitia gasketi mpya, bolti na raba. Mjomba hakumtoza dereva hata shilingi, na pesa ya spea ilitoka kwenye mshahara wangu wa likizo. Sikunung'unika.

Neno moja kuhusu maji, kwani wengi huja gereji wakiwa na hofu. Lita moja ya petroli ikichomeka hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, ndiyo maana ekzosi hudondosha matone asubuhi. Hilo si kosa. Sailensa nyingine zina kitundu kidogo cha kutolea maji hayo, kimetobolewa kiwandani. Mwaka jana mimi nilikiziba kimoja kwa bidii sana, na mjomba bado huwasimulia wateja.