Ugonjwa wa Parkinson na ukuta unaolinda ubongo

Mzee akianza kutetemeka mkono akiwa ametulia, akatembea kwa hatua fupi na kushindwa kufunga vifungo vya shati, wengi hapa Timau husema ni uzee, au amerogwa. Mpelekeni hospitali achunguzwe. Huenda ni Parkinson, ugonjwa ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817.

Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo, hufa polepole. Sababu moja ni molekuli kali za oksijeni zinapozidi uwezo wa mwili wa kuzizima. Mishipa midogo ya ubongo ina ukuta wa seli zilizoshikana sana, unaochuja kinachotoka kwenye damu. Ukuta mwingine hulinda maji yanayouzunguka ubongo. Molekuli hizo zinaweza kulegeza maungio ya kuta hizi, sumu ikapenya na kuzalisha nyingine zaidi.

Parakwati, dawa ya kuua magugu, huzalisha molekuli hizo hizo. Tafiti kadhaa zimeihusisha na Parkinson, ingawa ubishi haujaisha. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Mkulima wa ngano au viazi anayepulizia dawa bila glavu wala barakoa anajihatarisha bure.

Dopamini haipiti ukuta huo. Levodopa hupita, lakini kwa mlango unaogombaniwa na protini za chakula. Kwa hiyo mgonjwa aimeze nusu saa kabla ya githeri au maziwa, ama saa moja baadaye. Ikimchefua, amwone daktari, asiiache ghafla.