«Balituiba!»: sarufi ya malalamiko baada ya fainali ya raga ya mwaka 2023

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2023 tulikuwa watu saba mbele ya televisheni moja, katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mpira ulianza saa tatu ya usiku, kwetu na kwa Paris vilevile, maana Ulaya walikuwa hawajarudisha saa zao nyuma. Kati yetu saba, wawili tu ndio walioufahamu mchezo wa raga, au rugbi kama tunavyosema huku. Mmoja alikuwa ameishi Afrika Kusini miaka kadhaa. Mwingine, yaya wetu mmoja wa mtaa, alishabikia New Zealand, nadhani kwa ajili ya ngoma yao ya haka tu. Filimbi ya mwisho ilipolia matokeo yakiwa Afrika Kusini 12, New Zealand 11, yaya alisimama akasema neno moja: «Balituiba!»

Mimi, kwa ile tabia mbaya ya mwanafunzi wa isimu, nikamuuliza: «Yaya, banani?» Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. Hakujibu. Tangu hapo swali hilo limenikaa kichwani, na makala haya ni jaribio la kulijibu. Sitaamua nani alistahili kombe. Nataka kuangalia jinsi shabiki anavyojenga sentensi yake baada ya kushindwa, na ni nani anayetolewa nje ya sentensi hiyo.

Yaliyotokea uwanjani

Kwa wasomaji ambao raga ni kitu kigeni kwao, nieleze kidogo. Katika raga mpira hubebwa mkononi na hupasiwa nyuma tu, haupasiwi mbele. Mchezaji akiugusisha chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, hiyo ni trai, pointi 5, na timu yake hupewa teke la nyongeza la pointi 2. Penalti ikipita kati ya nguzo ni pointi 3. Mpira ukimtoka mtu mkononi ukaenda mbele, ni kosa. Walimu wetu wa Kifaransa wanaliita «en-avant».

Fainali ile ilichezwa Stade de France, mwamuzi akiwa Mwingereza Wayne Barnes, ambaye pia ni mwanasheria. Kabla ya mapumziko Handré Pollard wa Afrika Kusini alifunga penalti nne, Richie Mo'unga wa New Zealand akafunga mbili: 12 kwa 6. Ndani ya kipindi hicho nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alimkaba Jesse Kriel kwa kumgonga kichwani. Alipewa kadi ya njano kwanza. Kisha afisa aliyekaa mbele ya skrini, nje ya uwanja, akaichunguza picha na kadi ikageuzwa kuwa nyekundu. Hakuna mwanaume aliyewahi kufukuzwa katika fainali ya Kombe la Dunia la raga kabla yake.

Mapumziko yalipokwisha, nahodha wa upande wa pili, Siya Kolisi, naye alimgonga Ardie Savea kichwani. Kadi ya njano, uchunguzi uleule, lakini safari hii rangi haikubadilika. Baadaye Aaron Smith alifunga trai, watu wakashangilia, halafu mwamuzi wa video, Tom Foley, akasema kwamba Savea aliuangusha mpira mbele wakati uliporushwa kutoka pembeni. Trai ikafutwa. Dakika chache mbele Beauden Barrett alifunga trai ya kweli: 12 kwa 11. Mo'unga akakosa teke la nyongeza. Dakika za mwisho Cheslin Kolbe akatolewa kwa njano, na Jordie Barrett akapiga penalti ya mbali, ikapita kando ya nguzo. Basi.

Sentensi bila mshindi

Sasa turudi kwa yaya. Mswahili wa pwani angesema «tumeibiwa». Kitenzi ni «iba», kikaongezewa kauli ya kutendea, «ibia», halafu ya kutendwa, «ibiwa». Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda atajwe kwa «na»: tumeibiwa na fulani. Lakini haimlazimishi msemaji kumtaja. Shabiki anafunga mdomo kabla ya kufika kwenye «na», na sarufi haimdai kitu.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Hatuna mazoea makubwa na kauli ya kutendwa. Tunatumia kiambishi «ba-» cha watu wengi, hata kama aliyetenda ni mmoja, hata kama hajulikani kabisa. Lingala wanafanya hivyo, na lugha nyingi za majirani zetu pia. «Balituiba» ina kiima, lakini kiima hicho ni kiti kitupu ambacho kila msikilizaji anamkalisha anayemtaka: Barnes, Foley, wakubwa wa mchezo, Wazungu. (Tazama pia kwamba tumeiacha ile «-ia»: si «kutuibia» bali «kutuiba». Mtu wa Dar es Salaam akisikia «balituiba» anaweza kudhani tulitekwa nyara.) Wafaransa nao husema «on nous a volés», na ile «on» ni binamu wa «ba-» yetu. Walikuwa na sababu ya kuisema mwaka huohuo: wiki mbili kabla ya fainali walitolewa na Afrika Kusini 29 kwa 28 katika robo fainali, na nahodha wao Antoine Dupont hakuficha kwamba hakuridhika na uamuzi.

Linganisha sasa na neno ambalo yaya hakulisema: «tumeshindwa». Hilo pia ni kauli ya kutendwa. Likiendelezwa linadai mtenda wa aina moja tu: tumeshindwa na Afrika Kusini. Mshindi yumo ndani ya kitenzi, anasubiri kutajwa. Katika «tumeibiwa» hawezi kuingia, maana Afrika Kusini hawakupuliza filimbi. Kwa hiyo sentensi inamtoa nje Pollard na penalti zake nne, inamtoa Pieter-Steph du Toit aliyekaba watu usiku ule mpaka akaitwa mchezaji bora wa mechi, na mahali pao inamweka mtu ambaye hakugusa mpira hata mara moja. Ndiyo maana naona kosa la kusema kwamba shabiki anayelalamika «anapiga kelele tu». Anapanga upya wahusika wa hadithi nzima, kwa kitenzi kimoja.

Kiswahili sanifu kina ngazi kadhaa kati ya kushindwa na kuibiwa, na ninayoipenda zaidi ni «tumeonewa». Ilitoka kwa «ona». Kuona, kuonea, kuonewa. Mwamuzi ameajiriwa ili aone. Tunamlipa kwa macho yake, na tukamwongezea kamera ili aone hata yaliyopita. Halafu, kwa kitenzi kilekile kikiongezewa «-e-» katikati, kazi yake inageuka kuwa dhuluma: aliona, alituonea. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyoweka kazi ya mwamuzi na lawama yake karibu namna hii.

Haki na sheria

Trai ya Smith ndiyo inayonisumbua, kwa sababu pale mashabiki wa pande zote mbili walisema kweli. Mmoja: «Lakini mpira uliangushwa mbele, kila mtu ameona.» Uliangushwa, ndiyo. Mwingine: «Lakini mwamuzi wa video hakuwa na ruhusa ya kurudi mbali hivyo.» Hakuwa nayo. Kanuni za wakati ule zilimruhusu kurudi nyuma awamu mbili za mchezo kwa kosa kama hilo, na mpira ulikuwa umepita awamu zaidi ya hizo kabla ya Smith kufunga. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa jambo lililotokea, na si sahihi kwa njia iliyofuatwa.

Mjadala huu ukifanywa kwa Kiswahili, wote wawili watalishika neno moja: haki. «Haki» na «hakika» zilitoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na kwetu «haki» bado inabeba vitu viwili, lile lililo kweli na lile ambalo mtu anastahili kupewa. Anayesema «si haki, mpira ulianguka» anashika nusu ya kwanza. Anayesema «si haki, sheria ilimkataza» anashika ya pili. Wanaweza kugombana mpaka asubuhi bila kugundua kwamba hawazungumzii kitu kimoja. Nilijaribu kuwapa wenzangu wawili wa darasa jukumu la kutetea kila upande bila kutumia neno «haki»: sema «kweli» au sema «sheria», uchague. Ugomvi ulikwisha haraka kuliko nilivyotaka.

Kuhusu kadi mbili za manahodha, nitapita haraka. Picha mbili zilifanana, rangi mbili hazikufanana, na hapo ndipo waliposimama wengi. Kanuni ilikuwa haiangalii picha tu bali kiwango cha hatari, na wachunguzi waliona cha Kolisi hakikufikia kile cha Cane. Mtu anaweza kukataa kipimo hicho. Hawezi kusema hakikuwepo.

«Kama» ya nani?

Kitu kingine cha sarufi ni «-ngali-», kiambishi cha mambo ambayo hayakutokea. Cane asingalifukuzwa, tungalishinda. Trai isingalifutwa, tungalishinda. Sikiliza mashabiki nawe utaona kwamba «-ngali-» huambatana na mwamuzi karibu kila mara. Lakini usiku ule kulikuwa na «-ngali-» mbili nyepesi zaidi, zisizohitaji kamera: Mo'unga angalifunga teke la nyongeza, ingalikuwa 13 kwa 12. Jordie Barrett angalifunga penalti, ingalikuwa 14 kwa 12. Pointi 5 ziliachwa nje ya nguzo na watu wa New Zealand wenyewe. Yaya hakuzitaja. Nilipomtajia alisema: «Ile ni mpira tu.» Kosa la wetu ni mpira, kosa la mwamuzi ni wizi.

Wala si yaya peke yake. Mwaka 1954 watafiti Hastorf na Cantril walichapisha uchunguzi juu ya mechi kali ya mpira wa Kimarekani iliyochezwa mwaka 1951 kati ya vyuo vikuu vya Dartmouth na Princeton. Waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo hivyo filamu ileile, wakawaomba wahesabu makosa. Wale wa Princeton waliona timu ya Dartmouth ikifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale ambayo wana-Dartmouth waliyaona. Mwaka 1976 Cialdini na wenzake wakasikiliza viwakilishi vya wanafunzi wa Marekani: timu ya chuo ikishinda, «sisi» huongezeka midomoni, ikishindwa, «sisi» hupungua. Hapo fainali yetu inapinga kidogo, kwa maoni yangu. Aliyeshindwa kawaida hukimbia «sisi», lakini aliyeibiwa huikumbatia: ba-li-*tu*-iba. Wizi unampa shabiki ruhusa ya kubaki ndani ya timu bila kuibeba aibu ya kushindwa.

Na anayeibiwa hasahau. Barnes alikuwa amewaamulia New Zealand mwaka 2007 mjini Cardiff, katika robo fainali waliyopoteza 20 kwa 18 mbele ya Ufaransa, naye hakuiona pasi ya mbele kabla ya trai ya Wafaransa. Alikuwa na miaka 28. Miaka 16 baadaye jina lake lilipotangazwa kwa fainali, hasira ya Cardiff ilikuwa bado hai. Ila mwaka 2011, New Zealand walipoishinda Ufaransa 8 kwa 7 katika fainali kwao Auckland, waliomlalamikia mwamuzi Craig Joubert walilalamika kwa Kifaransa.

Neno likitoka mdomoni

Ningeweza kuishia kwenye viambishi, lakini kitenzi «iba» kina nomino yake, na huku kwetu tunaijua vizuri. Kama kuna kuiba, kuna mwizi. Kila mmoja wetu ameshasikia neno «Mwizi!» likipigwa sokoni, na ameshaona watu wanavyokimbia kabla ya kuuliza nani na nini. Baada ya fainali, Barnes na Foley na familia zao walipata vitisho. Siku chache baadaye Barnes alistaafu, baada ya mechi za kimataifa zaidi ya 100. Kwa upande wake ulikuwa mwisho wa kazi ndefu. Foley hakuwa amefika huko. Wiki chache baadaye alijitoa katika mechi za kimataifa, akieleza kwamba matusi na vitisho vilizidi kipimo. Alikuwa amesema juu ya mpira ulioanguka kwamba ulianguka.

Uwanjani, katika mchezo huohuo, lugha ni nyingine kabisa. Mwamuzi wa raga huvaa kipaza sauti, watazamaji husikia kila anachosema, na desturi ni nahodha peke yake amwendee, naye humwita kwa jina la heshima, kama sisi tungesema «mheshimiwa». Cane alipoambiwa kwamba kadi yake imekuwa nyekundu, hakuja na «ba-». Alibaki ameketi kwenye kiti chake kando ya uwanja, na baada ya mechi alikubali kwamba atalibeba jambo hilo maisha yake yote.

Juzi nilimsomea yaya makala haya kabla ya kuyaleta kitivoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirekebisha mahali nilipokosea dakika ya trai, akasema kazi nzuri. Nilipofika mlangoni aliniita: «Lakini weye, balituiba tu.»