Uzito Umerudi Baada ya Upasuaji? Rudi Kliniki Mapema

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa katika baadhi ya hospitali nchini, hasa jijini Nairobi, na wako Wakenya wanaoufuata India. Mgonjwa hurudi nyumbani Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa akiwa na barua ya hospitali na tarehe za kurudi kuonwa. Miezi ya kwanza kilo hushuka haraka. Baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, wengine huona mizani imeanza kupanda tena. Nauli ya kwenda Nairobi ni kubwa, na aibu nayo humfunga mtu nyumbani. Kliniki huachwa, vidonge vya vitamini huisha, na presha na sukari hazipimwi tena.

Somo la toleo hili linawahusu wakazi hao na familia zao. Pia litamfaa yeyote aliyepunguza uzito bila upasuaji kisha ukamrudia.

Kwa nini uzito hurudi

Kuna aina mbili za upasuaji zinazofanywa sana. Katika ya kwanza, daktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, na kinachobaki ni kama mrija mwembamba. Katika ya pili, hutengeneza kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, ili chakula kiipite sehemu kubwa ya tumbo. Zote mbili hupunguza kiasi cha chakula mtu anachoweza kula, na hubadilisha homoni zinazoleta njaa na shibe.

Hata hivyo mwili hupigania uzito wake wa zamani. Mtu akipungua, mwili hutumia nguvu kidogo kuliko awali hata akiwa amepumzika, na njaa huongezeka kadiri muda unavyopita. Kijifuko nacho huweza kutanuka kidogo. Kwa hiyo uzito kurudi kiasi ni jambo la kawaida, wala si ushahidi kwamba mgonjwa ni mvivu au mlafi.

Nchini Uswidi, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina hii kuanzia mwaka 1987. Katika miaka miwili ya mwanzo walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 20 na 32 ya uzito wao, kulingana na aina ya upasuaji. Walipofika mwaka wa 10, sehemu ya uzito ilikuwa imerudi, lakini bado walikuwa chini ya uzito wa mwanzo kwa asilimia 14 hadi 25. Wenzao ambao hawakufanyiwa upasuaji walibaki karibu pale pale. Maana yake ni kwamba mtu aliyepungua kilo 40 na kurudisha 8 bado amebaki na faida ya kilo 32. Faida hiyo ndiyo ya kulindwa.

Hatua ya kwanza: jipime na urudi kuonwa

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Uandike uzito kwenye daftari. Ukiona umepanda wiki nne mfululizo, usingoje ufike kilo 20.

Si lazima safari ya kwanza iwe ya Nairobi. Anzia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, Hospitali ya Malindi au Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Beba barua ya upasuaji na dawa zote unazotumia. Omba upimwe presha, sukari na damu, kisha uonane na afisa wa lishe. Wahamasishaji wa afya ya jamii nao walipewa vifaa vya kupima uzito, presha na sukari mwaka 2023, hivyo unaweza kuanzia mlangoni kwako.

Mweleze daktari kila dawa unayomeza. Baadhi ya dawa za sukari, za msongo wa mawazo na za uvimbe huweza kuongeza uzito. Usiiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Daktari ndiye anayeweza kukubadilishia.

Hatua ya pili: chunguza kinachopita bila kuhesabiwa

Wengi waliopasuliwa hawawezi kumaliza sahani ya wali. Uzito hurudi kupitia vitu laini na vya kudonoa siku nzima: kaimati mbili hapa, bhajia pale, viazi karai jioni, chai ya maziwa yenye sukari mara nne. Vyakula hivi hupita kwa urahisi na havishibishi.

Soda moja ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vidogo saba hivi. Juisi ya ukwaju au ya maembe iliyotiwa sukari haiko mbali na hapo. Mnazi na pombe nyingine huongeza uzito, na kwa aliyefanyiwa upasuaji pombe huingia katika damu haraka na kulewesha upesi. Ni hatari zaidi kwake kuliko ilivyokuwa zamani.

Kwa siku saba, andika kila kinachoingia kinywani, hata cha kuonja jikoni. Afisa wa lishe akiliona daftari hilo atakusaidia haraka kuliko akisikia tu maneno “mimi sili sana.”

Hatua ya tatu: panga sahani upya

Anza na chakula cha kujenga mwili, fuata mboga, kisha wanga mwishoni. Madaktari wengi hupendekeza angalau gramu 60 za protini kwa siku. Vyakula vya hapa kwetu vinatosha:

- Mayai mawili asubuhi: gramu 12.
- Kipande cha samaki cha gramu 100 mchana: gramu 20 hivi.
- Nusu kikombe cha pojo au maharagwe: gramu 7.
- Kikombe cha maziwa lala yasiyo na sukari: gramu 8.
- Kipande kidogo cha kuku jioni: gramu 16.

Mbaazi ni chakula kizuri, ila tui zito huongeza mafuta mengi. Tumia tui jepesi na upunguze mahamri. Mchicha, mnavu na mchunga vipikwe kwa mafuta kidogo. Tafuna polepole na uache ukihisi umeshiba. Usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Katikati ya milo kunywa maji ya kutosha, maana joto la pwani ni kali na kiu hudhaniwa kuwa njaa.

Harusini na matangani, chukua sahani ndogo na uanze na nyama au samaki kabla ya pilau. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, hasa kama anatumia dawa za sukari.

Hatua ya nne: tembeza mwili

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Tembea alfajiri kabla ya jua kali, au ufukweni maji yakitoka. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya misuli: kaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia. Misuli ikiwa na nguvu, mwili hutumia chakula zaidi.

Usiache vitamini

Baada ya upasuaji mwili haupati vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D kama zamani. Vidonge hivi kwa kawaida ni vya maisha. Mtu anaweza kuongezeka uzito huku damu yake ikipungua.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiwa na kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo, kinyesi cheusi, ganzi miguuni, kuyumba unapotembea au kuchanganyikiwa. Kutapika kwa muda mrefu huweza kumaliza vitamini B1 na kudhuru ubongo.

Tahadhari na sindano za mitaani

Zipo sindano zinazosaidia baadhi ya wagonjwa ambao uzito umewarudia, lakini huandikwa na daktari. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia zilizouzwa kwa jina la Ozempic. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni wala dukani bila cheti cha daktari. Majani na chai za “kuyeyusha mafuta” pia uziepuke, kwa kuwa nyingine huharisha na kukumalizia maji mwilini.

Kwa familia na majirani

Hapa pwani mtu akikonda huulizwa, “Umekwisha hivyo, kunani?” Akinenepa tena huchekwa kwamba pesa zake zimepotea bure. Maneno yote mawili humfanya ajifiche. Mpikieni chakula kinachomfaa, msimlazimishe kuongeza sahani, na mtu mmoja amsindikize kliniki.

Wiki hii fanya mambo matatu: jipime, itafute ile barua ya upasuaji, na uende kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kilo mbili au tatu ni rahisi kuzidhibiti kuliko ishirini.