Mwongozo kwa Mpokeaji wa Pembeni Anayeingia NFL

Mwongozo huu umeandikwa kwa kijana anayekaribia kuifanya futiboli ya Kimarekani kuwa kazi yake, katika nafasi ya mpokeaji wa pembeni: yule anayepangwa karibu na mstari wa uwanja, akamkwepa beki kwa mbio na kudaka pasi ya mrushaji. Umeandikwa pia kwa wazazi, wajomba na shangazi zake. Zipo familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani ambazo watoto wao wamekua wakiucheza mchezo huu shuleni, na mtoto akifika mbali, mara nyingi nyumbani hakuna aliyewahi kuuona mkataba wa aina hii.

NFL ni mahali pa kazi. Ina timu 32, kila timu ina wachezaji 53 katika kikosi cha msimu, na kati yao wapokeaji wa pembeni kwa kawaida ni 5 au 6 tu. Chama cha wachezaji, NFLPA, kimekuwa kikieleza kwa miaka mingi kwamba mchezaji wa wastani hudumu kazini miaka 3 na miezi kadhaa. Mtu mwenye kazi fupi namna hiyo hutajiwa tarakimu nyingi: sekunde zake, nafasi yake katika uteuzi wa wachezaji wapya, mamilioni ya mkataba wake. Shauri letu la kwanza, na ndilo tutakalolifuata hapa, ni kuichunguza kila tarakimu unayotajiwa na kuuliza ni kiasi gani kimekwisha kuwa mali yako.

Kasi na njia

Kila mwaka kabla ya uteuzi vijana huitwa Indianapolis kupimwa, na kipimo kinachovuma kuliko vyote ni mbio za yadi 40, karibu mita 36 na nusu. Mwaka 2017 John Ross alizimaliza kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati Bengals wakamteua akiwa wa 9. Majeraha yalimwandama, na hakuwahi kufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Mwaka huohuo Cooper Kupp, aliyetoka chuo kisichovuma cha Eastern Washington, alikimbia kwa sekunde 4.62 na akasubiri hadi nafasi ya 69. Katika msimu wa 2021 aliongoza ligi nzima kwa pasi alizodaka, 145, kwa yadi, 1,947, na kwa tachidauni, 16. Kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi.

Kinachomfanya mpokeaji aaminiwe ni njia anayoikimbia. Mrushaji hasubiri mwenzake ageuke ndipo arushe. Huuachia mpira uelekee mahali patupu, akiamini kwamba mpokeaji atakuwa amefika. Kitabu cha mbinu kikisema geuka kwenye yadi ya 12, nawe ukageuka kwenye ya 10, mpira unamwendea beki. Tena njia nyingi hubadilika mchezo ukiwa unaendelea: beki wa nyuma akirudi mbali unakatiza ndani, akisogea mbele unapitiliza moja kwa moja. Wewe na mrushaji mnapaswa kulisoma jambo hilo kwa namna moja na kwa wakati mmoja, bila kuambizana. Mkitofautiana, takwimu zitamwandikia yeye kosa, lakini makocha watakapotazama video wataona wazi ni nani aliyekosea. Kwa hiyo saa unazokaa ukitazama video za mabeki wa wiki ijayo zihesabu kuwa saa za kazi, hata pale ambapo hakuna anayekusimamia.

Jifunze nafasi zote za wapokeaji tangu siku ya kwanza ya kambi, za pembeni na ile ya ndani. Nyota anaweza kustawi kwa kuijua moja. Mpokeaji wa 5 hubaki kikosini kwa sababu anaweza kuishika nafasi ya yeyote aliyeumia. Jitolee pia kwa vikosi maalumu, vile vinavyoingia uwanjani mpira unapopigwa kwa mguu. Adam Thielen hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 2013. Alikwenda Minnesota Vikings kwa majaribio, akaanzia kikosi cha mazoezi, akajijengea jina kwenye vikosi maalumu, na hatimaye akapita yadi 1,000 misimu 2 mfululizo, 2017 na 2018.

Kuingia kazini

Huwezi kuteuliwa kabla ya kupita miaka 3 tangu kumaliza sekondari. Uteuzi una raundi 7. Aliyeteuliwa hupewa mkataba wa miaka 4, na yule wa raundi ya kwanza timu yake inaweza kumwongezea mwaka wa 5. Asiyeteuliwa hupewa mkataba wa miaka 3. Ukikosa raundi ya 7 usikate tamaa, maana asiyeteuliwa huweza kuchagua kati ya timu zinazomtaka, nasi tunamshauri ahesabu wapokeaji waliopo kabla ya kuvutiwa na jezi. Kikosi cha mazoezi kina nafasi 16. Mwaka 2025 kilimlipa mchezaji mchanga dola 13,000 kwa wiki, ilhali kima cha chini cha mchezaji mpya katika kikosi cha 53 kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Tofauti ni kubwa, ila ukiwa kwenye kikosi cha mazoezi kwa kawaida timu nyingine inaweza kukusajili, mradi ikuingize kwenye kikosi chake cha 53.

Kwa aliye bado chuoni: tangu Julai 2021 wanamichezo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Fedha hizo hutozwa kodi. Anayeishi Marekani kwa viza ya mwanafunzi aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kutia saini lolote, kwani masharti ya viza kuhusu kufanya kazi ni makali, na ruhusa ya chuo haiyaondoi.

Mkataba

Hapa ndipo tunapoomba usome polepole, na umwite mzazi asome nawe. Mwaka 2024 Justin Jefferson wa Vikings alitia saini nyongeza ya miaka 4 yenye thamani ya dola milioni 140, na kati ya hizo milioni 110 zilikuwa na dhamana. Yeye ni miongoni mwa wapokeaji bora wa kizazi chake. Mchezaji wa kawaida hapati sehemu kubwa kiasi hicho. Kwa aliyeteuliwa raundi za mwisho, fedha ya uhakika mara nyingi ni bonasi ya kutia saini tu, na mishahara ya miaka inayofuata ni ahadi ambayo timu inaweza kujitoa kwayo kwa kumtema.

Dhamana yenyewe ina sura tatu. Ipo inayokulinda ukiumia, ipo inayokulinda timu ikiona kiwango chako kimeshuka, na ipo inayokulinda timu ikitaka kupunguza gharama ili isivuke kikomo cha mishahara. Mshahara unaoitwa wa dhamana unaweza kuwa na sura ya kwanza peke yake hadi tarehe fulani ya mwezi Machi, ndipo uzipate zote. Timu huijua tarehe hiyo vizuri, na wengi hutemwa siku chache kabla yake. Mwombe wakala akuandikie kwenye karatasi majibu ya maswali haya: nikitemwa kesho napata nini, nikiumia kesho napata nini, na nikiamua kustaafu nitadaiwa nini? Swali la mwisho husahaulika. Calvin Johnson alipostaafu mwaka 2016 akiwa na miaka 30, baada ya misimu 9 na Detroit Lions, alilazimika kuirejeshea timu sehemu ya bonasi aliyokwisha kulipwa.

Wakala sharti awe na cheti cha NFLPA. Ada yake kwa mkataba wa mchezaji haizidi asilimia 3, na huilipa kadiri unavyopokea, si mapema. Mjomba mwenye uzoefu wa biashara anaweza kukaa mezani kama mshauri wako, na ni vyema awepo, lakini hana idhini ya kujadiliana na timu.

Fedha na jamaa

Ryan Broyles aliteuliwa na Detroit Lions raundi ya pili mwaka 2012. Kano za magoti yake yote mawili zilikuwa zimekatika kufikia mwisho wa mwaka huo, na mwaka 2013 ikakatika kano ya kisigino. Hata hivyo aliondoka salama kifedha, kwa kuwa yeye na mkewe waliishi kwa bajeti ya takriban dola 60,000 kwa mwaka na fedha nyingine wakaziwekeza. Tunautaja mfano huu mbele ya mingine yote kwa sababu unamhusu mpokeaji aliyeumia mapema, hali inayoweza kumkuta yeyote.

Kodi hukatwa na serikali kuu, na majimbo mengi hudai pia sehemu ya kipato cha mechi ulizocheza humo, hata kama huishi huko. Ajiri mhasibu kabla ya kununua gari.

Jamaa wataomba, na wengi wao wana haki ya kuomba: ada za shule, matibabu, msiba. Tenga kiasi cha mwaka mzima kulingana na fedha zenye dhamana, kikabidhi kwa mtu mmoja wa familia anayeheshimiwa na wote, na kikiisha kiwe kimeisha. Usimdhamini mtu mkopo. Mama au baba akilisema hili mapema, mbele ya ukoo, atakuondolea mzigo ambao kijana wa miaka 22 hawezi kuubeba peke yake.

Kamari iache kabisa. Calvin Ridley, akiwa mchezaji wa Atlanta Falcons, aliweka dau za jumla ya dola 1,500 hivi kwenye mechi za NFL. Alifungiwa msimu mzima wa 2022, na mshahara wa zaidi ya dola milioni 11 ukapotea.

Mwili na kichwa

Una haki ya kupata maoni ya daktari wa pili kwa gharama ya timu, ya kuchagua daktari wa upasuaji, na ya kupewa kumbukumbu zako za matibabu. Zitumie haki hizi hata kama daktari wa timu ni mtu mwema. Kila maumivu yaandikishwe siku yalipotokea, kwa sababu jeraha lisiloandikwa halina dai, na muda wa kulalamika baada ya kutemwa ni mfupi sana.

Kuhusu kichwa hatuna maneno laini. Mpokeaji anayekatiza katikati ya uwanja akiwa ameinua mikono hana kinga, na sheria za kumlinda haziondoi hatari yote. Chris Henry wa Bengals alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 26. Vincent Jackson na Demaryius Thomas walifariki mwaka 2021, wakiwa na miaka 38 na 33. Wote watatu walikuwa wapokeaji wa pembeni, na uchunguzi wa ubongo wao ulikuta CTE, ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa yanayojirudia. Ukipata kizunguzungu, ukiona mwanga unakuumiza au ukisahau mchezo uliopita, mwambie mtu papo hapo. Mchezaji mwenzako akionekana kupotewa, msemee. Na familia, msimsifu mtoto kwa kuendelea kucheza akiwa ameumia.

Kutemwa na kuendelea

Hesabu misimu yako mwenyewe. Msimu unaotambuliwa ni ule uliokuwa kwenye kikosi, au kwenye orodha ya majeruhi, kwa mechi zisizopungua 3. Misimu 3 ya namna hiyo hukupa haki ya pensheni, pamoja na miaka 5 ya bima ya afya baada ya kuacha. Upo pia mpango wa akiba ambao timu huchangia dola 2 kwa kila dola 1 ya mchezaji hadi kiwango fulani. Anayekaribia msimu wa 3 na kufikiria kuacha afanye hesabu hiyo kwanza.

Masomo yasikatishwe moja kwa moja. Larry Fitzgerald alimwahidi mama yake, aliyefariki mwaka 2003, kwamba atahitimu. Alipata shahada mwaka 2016 akiwa bado mchezaji wa Arizona Cardinals. Nate Burleson, baada ya misimu 11 ya kudaka pasi, alihamia utangazaji, na mwaka 2021 akawa mmoja wa watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha CBS.

Kutemwa hakumaanishi umekwisha. Cris Carter alitemwa na Philadelphia Eagles mwaka 1990, Vikings wakamchukua kwa ada ya dola 100, na alipostaafu alikuwa amedaka pasi 1,101 kwa jumla. Mchezaji mwenye misimu isiyofika 4 akiachwa, timu nyingine hupewa muda mfupi wa kumdai. Siku hiyo baki karibu na simu, omba nakala ya kumbukumbu zako za matibabu kabla ya kuondoka jengoni, usitie saini karatasi yoyote inayosema huna jeraha kama unalo, na mpigie wakala kabla ya kuandika lolote mtandaoni.