Safari ya Dawa Kuelekea Ubongoni: Tiba ya Homa ya Uti wa Mgongo Itokanayo na Kuvu

Tumchukulie mkulima wa pamba wa Itilima anayefikishwa hospitalini Bariadi baada ya majuma mawili ya maumivu makali ya kichwa. Amekwisha kumeza dawa za malaria bila kupata nafuu. Anaishi na VVU, na mwaka uliopita aliacha dawa za kufubaza virusi. Maji ya uti wa mgongo yanapopimwa, huonekana kuvu iitwayo kriptokokasi. Kuvu hii huishi udongoni na katika kinyesi cha njiwa, huvutwa pamoja na hewa, na kinga ya mwili ishukapo sana husafiri katika damu hadi ubongoni. Je, dawa nayo itafikaje huko?

Mishipa midogo ya damu ya ubongo haifanani na ya viungo vingine. Seli za kuta zake zimeshonana barabara, mithili ya uzio wa minyaa uliosongamana kuzunguka mji wa Kisukuma: mwanambuzi hupenya, ng'ombe huzuiwa. Molekuli ndogo hupita kwa urahisi zaidi kuliko kubwa. Dawa iliyonatana na protini za damu hubaki nje hata ikiwa ndogo. Tena zipo pampu zinazozirudisha baadhi ya dawa zilizokwisha kuingia.

Flukonazoli ni molekuli ndogo isiyonatana sana na protini. Kiasi chake katika maji ya uti wa mgongo hufikia asilimia 70 hadi 90 ya kile kilichomo katika damu. Flusitosini nayo hupenya vyema, takribani robo tatu. Amfoterisini B ni kubwa na hunatana na protini, hivyo katika maji hayo huonekana kidogo mno.

Hapa ndipo mwanafunzi hukosea, akadhani kwamba dawa ipenyayo zaidi ndiyo bora. Flukonazoli huzuia kuvu isiongezeke, lakini haiiui upesi. Amfoterisini hutoboa utando wa seli ya kuvu na kuiua. Tena hujikusanya katika tishu za ubongo na tando zake zilizovimba, mahali ambapo kipimo cha maji hakionyeshi. Flusitosini huongeza nguvu ya wenzake, ila ikitumika peke yake kuvu huizoea haraka. Basi kila moja huziba pengo la nyingine.

Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2022, ulitumia amfoterisini iliyofungwa katika vifuko vidogo vya mafuta: dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Matokeo hayakuwa duni kuliko ya tiba ya siku saba za amfoterisini ya kawaida, na madhara yalipungua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo mwaka huohuo.

Lakini dawa pekee haitoshi. Kuvu huziba njia za kutolea maji ya ubongo, na shinikizo linalopanda laweza kuua kabla dawa haijamaliza kazi. Hivyo maji hayana budi kupunguzwa kwa sindano, pengine mara kadhaa. Ndugu wakiogopa, waelezwe kwamba sindano hiyo huchomwa chini kiunoni, pahali ambapo uti wenyewe umekwisha koma.

Mkulima wetu asianzishiwe tena dawa za kufubaza virusi siku ileile. Husubiriwa majuma manne hadi sita, ili kinga inayorejea isiamshe uvimbe wa hatari. Naye tabibu wa zahanati akumbuke: kwa mwenye VVU, kichwa kinachouma kwa majuma si malaria mpaka ithibitike. Kipimo cha damu cha kriptokokasi kwa mwenye kinga iliyoshuka huigundua kuvu mapema, kabla haijauvuka uzio.