Hongo ya Njiani na Bango la Kitalu

Somo la vikundi vya mtaa. Someni kwanza nyumbani: Mwanzo 14:17–24, Nehemia 2:1–8, Mathayo 6:1–4.



Sisi watu wa Tabora twalijua neno "hongo" tangu lilipokuwa neno la heshima. Zamani za misafara, mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji hakupita katika nchi ya mtemi bila kutoa hongo: doti za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Ilikuwa ushuru wa njia. Ililipwa mchana, wapagazi wakitazama, na kila mtu alijua kiasi gani kimetolewa na kwa nini. Leo neno lilelile ni la kitu kinachotolewa gizani ili mtu anyamaze. Tulishike neno hili mkononi tunapoendelea na somo.

Tuchukue mfano. Vijana wa mtaa wameazimia kuotesha miche elfu nne na kuipanda kuzunguka kanisa, shule na kijito kilichoanza kukauka. Wanahitaji viriba, mbolea na pampu ya maji. Fedha hawana. Ndipo kampuni inayonunua tumbaku inajitolea kulipa gharama yote. Sharti lake ni dogo tu: bango lenye jina la kampuni liwekwe mlangoni mwa kitalu, na Kasisi apigwe picha pamoja na vijana, kila mmoja na mche wake, kwa ajili ya kalenda ya mwaka ujao. Je, tupokee?

Kabla ya kujibu, tukumbuke kwa nini kijito kinakauka. Tumbaku yetu nyingi ni ya mvuke, ile inayokaushwa kwa moto katika mabani, na moto huo hutaka kuni, siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana. Ukulima huu ulishika mizizi Urambo baada ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Tangu hapo miyombo na mitundu imekwenda motoni kwa zamu, na mashamba mapya yamefuata nyuma ya mashoka. Warina asali wetu wanalijua jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu maua ya miti hiyo ndiyo chakula cha nyuki, na mzinga hautundikwi kwenye kisiki. Tena, miche inayotolewa na wanunuzi wa tumbaku mara nyingi ni mikaratusi, ambayo kazi yake ni kuwa kuni za mabani yaleyale. Si kosa kupanda kuni. Lakini shamba la mikaratusi tusiliite msitu uliorudi.

Sasa tumwangalie Abramu. Ametoka vitani, amewaokoa watu wa Sodoma na mali yao, na mfalme wa Sodoma anamwambia ajichukulie mali. Kwa desturi ya vita ilikuwa haki yake. Naye akakataa hata uzi, hata kamba ya kiatu. Sababu yake yatupasa kuisoma polepole. Hakusema kwamba mali ile ni najisi. Alisema hataki mfalme yule aje apate la kutangaza, kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha Abramu. Lililomwogopesha lilikuwa tangazo. Wala hakuwalazimisha wenzake: Aneri, Eshkoli na Mamre waliachiwa wachukue sehemu yao, na vijana walikuwa wamekwisha kula.

Pengine mtasema hayo ni ya Agano la Kale, na Abramu alikuwa tajiri, aliweza kukataa. Ni kweli. Basi tuje kwa mtu aliyekuwa maskini hapahapa kwetu. Dk. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, tangu Februari hadi Agosti mwaka 1872, akingoja wapagazi, katika tembe ambalo sasa ni makumbusho. Mtu huyu aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wote. Hata hivyo, miaka mitano kabla ya hapo alisafiri na wafanyabiashara walewale, akala chakula chao. Na alipougua vibaya, walimbeba mpaka Ujiji mwaka 1869. Bila wao angalikufa njiani. Lakini alipoandika barua huko Ujiji, hawakupenda kuzichukua kwenda pwani, na nyingi hazikufika. Walikuwa tayari kumlisha, si kubeba maneno yake. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe, akaachana na safari ile, akarudi Ujiji. Habari aliyoiandika juu ya siku hiyo ilifika Uingereza kwa mkono wa Stanley, ikawachoma watu, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Twaona hapa kipimo ambacho ni bora kuliko kuuliza tu kama fedha ni safi. Tumwulize anayetusaidia: je, barua yetu utaichukua? Yaani, kwenye bango lile, chini ya jina la kampuni, tutaruhusiwa kuandika ni kuni kiasi gani zilizokwenda mabanini mwaka huu? Kama jibu ni hapana, basi tumekwisha kujua kinachonunuliwa.

Wakubwa kuliko sisi wamejikwaa hapa. Huko Marekani, chama cha kutunza mazingira kiitwacho Sierra Club kilipokea zaidi ya dola milioni 25, kati ya 2007 na 2010, kutoka kwa watu wa kampuni ya gesi ya Chesapeake, ili kipigane na makaa ya mawe. Wakati huohuo matawi yake ya vijijini yalikuwa yakilia juu ya visima vya gesi. Habari ilipotoka mwaka 2012, wanachama waliona aibu, ingawa viongozi wapya walikuwa wamekwisha kuikataa fedha hiyo. Na karibu nasi zaidi: mfuko wa ECLT wa Geneva, unaolipiwa na makampuni ya tumbaku, uligharimia kazi ya kuwatoa watoto mashambani huko Urambo. Shirika la Kazi Duniani nalo lilifanya kazi kwa fedha za mfuko huo na za kampuni moja ya sigara, mpaka likashutumiwa, na mikataba hiyo ikaisha mwaka 2018. Tuseme haki: kuna watoto waliokwenda shule kwa fedha hiyo, na mama zao hawakuuliza imetoka wapi. Hatuthubutu kuwahukumu.

Iko pia sheria. Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku, na miongozo iliyopitishwa mwaka 2008 yahesabu misaada ya namna hii ya makampuni ya tumbaku kuwa matangazo. Kalenda yenye picha ya Kasisi si kalenda tu.

Sasa neno gumu, nasi hatutalikwepa. Sadaka yetu yenyewe inatoka wapi? Msimu wa malipo ya tumbaku ukifika, kikapu hujaa. Malipo yakichelewa, kikapu ni chepesi, na mweka hazina wetu hana haja ya kusoma gazeti kujua bei ya soko. Je, tumrudishie mkulima sadaka yake? La, hasha. Mkulima yule ameelemewa na deni la pembejeo katika chama chake cha msingi, ameipata fedha kwa jasho, na anapoitoa haombi bango. Bwana wetu alikemea baragumu la mtoaji. Aliyetoa kimya na aliyetoa ili aonekane hawakutoa kitu kimoja, hata kama noti zinafanana.

Tena Nehemia hakuona haya kuomba miti kwa mfalme wa kigeni, pamoja na barua kwa mlinzi wa msitu. Lakini tazameni: yeye ndiye aliyeomba, yeye ndiye aliyesema miti ni ya kazi gani, na malango ya Yerusalemu hayakuandikwa jina la Artashasta.

Katika vikundi, jadilianeni hivi. Kampuni ikikubali kutoa viriba na pampu bila bango wala picha, jibu letu libadilike? Kama tukikataa, nani atalipa, na je, tuko tayari kila nyumba kuleta viriba ishirini na debe la samadi kabla ya mvua za Novemba? Wakulima wa tumbaku walio kati yenu waanze kusema, wengine wasikilize kwanza. Makatibu waandike majibu na kuyaleta kwa Halmashauri ya Mtaa, pamoja na hesabu ya viriba.